Rangi ya Kijani Ndani ya Bakteria: Kisa cha HPF na Antibayotiki Zinazoua

Ampisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Norfloksasini hukwamisha vimeng'enya vinavyosokota na kusokotoa DNA. Kanamaisini huingilia ribosomu, mitambo ya seli ya kutengenezea protini, mpaka protini zinatoka mbovu. Dawa tatu, shabaha tatu, na kwa miaka mingi wanafunzi walifundishwa kwamba kila moja huua kwa njia yake. Mwaka 2007 Michael Kohanski, James Collins na wenzao wa Chuo Kikuu cha Boston nchini Marekani walichapisha katika jarida la Cell dai kwamba njia hizo tatu hukutana mbele. Popote dawa ilipoanzia, walisema, bakteria huishia kuuawa, angalau kwa sehemu, na sumu ile ile: radikali ya haidroksili, kioksidishaji (kitu kinachopokonya elektroni) kikali kuliko vyote vinavyozaliwa ndani ya seli hai.

Mlolongo waliouchora ulivutia kwa sababu kila kiungo chake kilijulikana tangu zamani. Dawa huchochea upumuaji wa seli kupita kiasi. Elektroni huvuja, oksijeni huzidaka na kuwa superoksaidi. Superoksaidi hubomoa vishada vya chuma na salfa vilivyomo ndani ya vimeng'enya fulani, na chuma humwagika. Chuma hicho kikikutana na haidrojeni peroksaidi, mmenyuko wa Fenton huzaa radikali ya haidroksili, nayo hukata DNA na kuharibu kila kilicho karibu.

Ushahidi mkuu ulikuwa rangi. Walimpa bakteria E. coli kiashiria kinachoitwa haidroksifenili fluoreseini, kwa kifupi HPF, kisha dawa, halafu wakawapitisha bakteria mmoja mmoja mbele ya leza na kupima mng'ao wa kila mmoja. Dawa zinazoua ziliwafanya bakteria wang'ae kijani. Dawa zinazozuia tu ukuaji, kama kloramfenikoli na tetrasaiklini, hazikufanya hivyo. Juu ya hapo, bakteria waliowekewa thayourea, ambayo humeza radikali za haidroksili, au dipiridili, ambayo hushika chuma, walikufa kwa uchache zaidi.

Mtu akiyasoma matokeo hayo kwa mara ya kwanza huona jambo limekwisha. Mimi niliona hivyo. Na kulikuwa na tumaini la kweli nyuma yake: kama dawa za zamani zinaua kwa vioksidishaji, basi ukiidhoofisha kinga ya bakteria dhidi ya vioksidishaji utazipa nguvu mpya dawa ambazo hospitali zinaona zikishindwa. Kwa hiyo ninachokichambua hapa si ulaghai wala uzembe. Ni swali moja tu: ile rangi ya kijani ilikuwa inasema nini hasa?

Kiashiria chenyewe

HPF ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tokyo na kundi la Tetsuo Nagano, ikatangazwa mwaka 2003 pamoja na nduguye APF. Ubunifu wake ni mzuri sana. Chukua fluoreseini, rangi inayong'aa kijani ikipigwa na mwanga wa bluu, kisha ifunge kwa pete ya fenoli ili isiweze kung'aa. Kioksidishaji chenye nguvu ya kutosha kikija, kinaikata ile pete, fluoreseini inafunguka na kuwaka. Superoksaidi na haidrojeni peroksaidi zikiwa peke yake haziwezi kuikata. APF na HPF zikitumiwa pamoja zinaweza hata kuitambua haipokloraiti, yaani kemikali ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, ambayo seli zetu nyeupe za damu huitengeneza kuulia vijidudu. APF huwaka ikikutana nayo, HPF haiwaki.

Ukilinganisha na kiashiria kilichotumika zaidi kabla yake, DCFH, hii ilikuwa hatua kubwa. DCFH ilipendekezwa mwaka 1965 kwa ajili ya kupima haidrojeni peroksaidi, lakini haimenyuki nayo moja kwa moja kwa kasi ya maana. Inahitaji kichocheo: chuma, saitokromu c au kimeng'enya cha peroksidesi. Mabaya zaidi, ikishapoteza elektroni moja inakuwa radikali yenyewe, inaipa oksijeni elektroni nyingine, na hapo inazaliwa superoksaidi na hatimaye haidrojeni peroksaidi. Kipimo kinatengeneza kile kinachopimwa. Hata mwanga wa darubini unatosha kuiwasha. Maabara nyingi duniani zinaendelea kuinunua na kuandika kwenye ripoti zao kwamba zimepima "ROS", jina la jumla la vioksidishaji vinavyotokana na oksijeni, kana kwamba hicho ni kitu kimoja.

Lakini turudi kwa HPF. Waliotengeneza HPF waliandika tangu siku ya kwanza, kwenye muhtasari wa makala yao, kwamba inawashwa na vioksidishaji vikali kama vile radikali ya haidroksili na vitu vya kati vya peroksidesi. Hivyo vya kati ni chuma kilichomo ndani ya kimeng'enya kikiwa kimepanda hadhi ya oksidishaji baada ya kukutana na haidrojeni peroksaidi. Chuma cha namna hiyo kinaweza kuikata pete ya HPF bila radikali hata moja ya haidroksili kuwapo. Kwa hiyo mng'ao wa HPF haumtaji mhalifu mmoja. Unataja ukoo.

Baadaye ukoo huo ukasahaulika, na kwenye maelezo ya michoro likabaki jina moja tu: haidroksili. Hapa ndipo kisa kizima kilipopinda, na nadhani ndipo visa vingi vya viashiria hupinda. Orodha ya vitu vinavyoweza kuwasha kiashiria hufupishwa kila inaponakiliwa, kutoka makala ya asili kwenda kwenye karatasi ya muuzaji, kutoka hapo kwenda kwenye daftari la maabara, mpaka linabaki jina lile ambalo mtafiti alikuwa analitafuta.

Hesabu ndogo ya haidroksili

Kuna sababu nyingine ya kutilia shaka, na haihitaji maabara. Radikali ya haidroksili haichagui. Humenyuka na karibu kila molekuli ya kaboni inayoigusa, kwa kasi inayokaribia kikomo cha molekuli kukutana ndani ya maji. Ndani ya seli huishi kwa takriban nanosekunde moja, na katika muda huo haiwezi kusafiri mbali na mahali ilipozaliwa.

Sasa tuseme ndani ya seli kuna mikromolari 10 za HPF. Glutathaioni ya bakteria, molekuli ndogo ya kujikinga dhidi ya vioksidishaji, peke yake hufika milimolari kadhaa, tuiweke 10. Hiyo ni mara 1,000 ya kiashiria, na glutathaioni nayo humenyuka na haidroksili kwa kasi kubwa mno. Ongeza asidi amino, sukari, protini, RNA. Kati ya radikali elfu zinazozaliwa, ni ngapi zitakutana na HPF kabla hazijakutana na kitu kingine? Chini ya moja, kwa glutathaioni tu. Ili kiashiria kiwake sana kwa haidroksili peke yake, seli ingepaswa kuwa imefurika radikali hizo kiasi cha kusambaratika, au kiashiria kiwe kimejazana hasa pale chuma kilipo. Mng'ao mkali unapaswa kumfanya mtafiti ajiulize kama si kitu kingine, chenye subira zaidi, kilichoiwasha HPF.

Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto. Katika HPF moto upo, hilo halina ubishi, ila ni lazima uulize ni jiko la nani.

Kijani kingine kisichotokana na kiashiria

Kuna jambo la tatu, rahisi zaidi, ambalo mtu anaweza kulipita bila kuliona. Bakteria hung'aa wenyewe. Wana flavini, molekuli za jamii ya vitamini B2, ambazo hupokea mwanga wa bluu na kutoa kijani, karibu kabisa na mahali HPF inaposomwa. Na dawa hizi hubadilisha umbo la bakteria. E. coli akipewa norfloksasini au ampisilini kwa viwango fulani huacha kugawanyika huku akiendelea kukua, anakuwa uzi mrefu. Bakteria mrefu ana flavini nyingi zaidi na amebeba kiashiria kingi zaidi, kwa hiyo mbele ya leza anaonekana anawaka kuliko mwenzake mfupi, hata kama kwa kila tone la ndani yake hakuna kilichobadilika.

Mwaka 2013 Sabine Renggli na wenzake walilichunguza hili katika Journal of Bacteriology. Walionyesha kwamba dawa zinazoua hubadilisha umbo la E. coli na kuongeza mng'ao wake wa asili, na kwamba ongezeko hilo linaweza kudhaniwa kuwa ni la kiashiria. Kinga yake ni jaribio la kulinganisha lisilo na gharama: bakteria wenye dawa lakini wasio na kiashiria, wapimwe kwa mashine ile ile, kisha mng'ao ugawanywe kwa ukubwa wa seli. Ningekuwa mhakiki wa makala yoyote ya namna hii, ningeliulizia jaribio hilo kabla ya kusoma ukurasa wa pili.

Machi 2013: swali linaulizwa kwa njia nyingine

Mwezi huo jarida la Science lilitoa makala mbili kwa pamoja. Moja ilitoka kwa Kim Lewis, Iris Keren na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northeastern, palepale Boston. Nyingine ilitoka kwa Yuanyuan Liu na James Imlay wa Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign.

Lewis na Keren walianzia kwenye rangi yenyewe. Kama kijani ni sumu inayoua, walijiuliza, basi bakteria anayewaka sana atakufa upesi kuliko anayewaka kidogo. Mashine inaweza kuwatenganisha seli kwa seli, wang'avu huku, waliofifia kule, halafu unahesabu ni wangapi wanaobaki hai. Hawakuona uhusiano wowote kati ya mng'ao wa seli na uwezekano wake wa kuishi. Nalipenda jaribio hili kuliko mengine yote katika kisa hiki. Halikukipinga kiashiria kwa nadharia. Lilikichukulia kwa neno lake, likakitaka kitabiri kitu, kikashindwa.

Kisha wakaondoa oksijeni. Bila oksijeni hakuna superoksaidi wala haidrojeni peroksaidi, na mlolongo wote wa 2007 hauna pa kuanzia. Bakteria walikufa karibu sawasawa, oksijeni ikiwapo au isipokuwapo. Jaribio hili lina mtego wake. Dawa za jamii ya kanamaisini huingia ndani ya seli kwa kutegemea nguvu ya umeme wa utando inayotokana na upumuaji, kwa hiyo bakteria asiyepumua hufa kidogo kwa sababu tu dawa haikuingia. Anayetaka kulinganisha kwa haki humpa bakteria naitreti ili apumue kwayo badala ya oksijeni.

Na thayourea? Kweli iliwalinda bakteria dhidi ya viwango vya chini vya dawa. Lakini iliwalinda hata mahali pasipo na oksijeni, ambapo hapakuwa na radikali ya kumezwa. Maana yake thayourea inaifanyia seli kitu kingine kabisa.

Liu na Imlay walikwenda upande mwingine. Imlay ametumia miaka mingi kupima vioksidishaji ndani ya E. coli, na hakuhitaji rangi. Haidrojeni peroksaidi hupita kwenye utando, hivyo ukimtumia bakteria asiye na vimeng'enya vya kuiharibu, inayotengenezwa ndani hutoka nje na unaipima kwenye maji. Dawa hazikuongeza kasi ya kutengenezwa kwake. Chuma huru ndani ya seli hakikuongezeka. Bakteria wenye kasoro katika kukarabati DNA hawakufa upesi zaidi kwa namna ambayo ingetarajiwa kama DNA ndiyo iliyokuwa ikikatwa na oksidishaji. Kiungo kwa kiungo, mlolongo ule ulijaribiwa na haukuonekana. Hitimisho lao lilirudi kwenye maelezo ya zamani: dawa huua kwa kusimamisha ujenzi wa ukuta, utengenezaji wa protini na unakili wa DNA.

Mwaka huo huo, Benjamin Ezraty, Frédéric Barras na wenzao wa Marseille, Ufaransa, walieleza kwa nini kushika chuma kunawaokoa bakteria. Bila chuma cha kutosha, seli haikamilishi vishada vya chuma na salfa ambavyo mnyororo wa upumuaji unavihitaji. Umeme wa utando unashuka, na dawa za jamii ya kanamaisini haziingii vizuri. Bakteria amepona kwa sababu mlango umefungwa. Hapakuwa na radikali katika habari hiyo. Naona hili ndilo fundisho zito zaidi kuhusu yale majaribio ya kuthibitisha: thayourea na dipiridili zilionekana kuwa mashahidi wawili wanaojitegemea, kila mmoja akiunga mkono rangi ya kijani, kumbe kila mmoja alikuwa na sababu zake za kusema alichosema.

Jibu la Collins, na ninaposimama

Ningeishia hapa, msomaji angedhani kesi imefungwa mwaka 2013. Haikufungwa. Mwaka 2014 Daniel Dwyer, Collins na wenzao walijibu katika jarida la PNAS, na kwa heshima yao walijibu kwa majaribio. Safari hii walitumia kundi la rangi zenye kemia tofauti pamoja na kihisio kipya cha haidrojeni peroksaidi ndani ya seli, wakapima matumizi ya oksijeni, na wakaonyesha kwamba bakteria waliotengenezewa katalesi nyingi, kimeng'enya kinachoivunja haidrojeni peroksaidi, walikufa kwa uchache zaidi. Katika mazingira yasiyo na oksijeni kabisa, walisema, nguvu ya dawa ilipungua. Mwaka 2019 kundi la Xilin Zhao na Karl Drlica lilionyesha jambo ambalo bado linanishangaza: bakteria walioondolewa dawa na kuwekwa juu ya sahani safi huendelea kufa kwa vioksidishaji, na ukiweka katalesi au kemikali za kuzuia oksidishaji kwenye sahani hiyo, wengi wanaokoka.

Kwa hiyo mimi naona hivi. Rangi ya kijani ya mwaka 2007 haikuthibitisha radikali ya haidroksili, na makala za 2013 zilikuwa na haki kulisema hilo waziwazi. Lakini kiashiria kushindwa kuthibitisha jambo si sawa na jambo hilo kuwa la uongo. Ushahidi wa katalesi ni wa aina bora kuliko ushahidi wa rangi, kwa sababu katalesi inajulikana inachofanya: inaondoa kitu kimoja chenye jina. Ukiongeza katalesi na kifo kikapungua, una haki ya kuitaja haidrojeni peroksaidi. Ukiona kijani, una haki ya kusema kuna kitu kimeikata HPF, au seli imebadilika umbo.

Kama kesi hii ingefunguliwa upya leo

Mtu mwenye swali lile lile leo ana vifaa ambavyo Boston ya 2007 haikuwa navyo kwa urahisi, na kimoja kina historia tamu. Bakteria E. coli wana protini inayoitwa OxyR, ambayo hubadilika umbo haidrojeni peroksaidi ikifika takriban mikromolari 0.2 na kuamsha jeni za kujikinga. Mwaka 2006 kundi la Vsevolod Belousov na Sergey Lukyanov huko Moscow liliunganisha sehemu ya OxyR na protini inayong'aa, na kupata HyPer, kihisio ambacho seli hujitengenezea yenyewe kutoka kwenye jeni. Kinasoma haidrojeni peroksaidi, na kwa kuwa kinapimwa kwa uwiano wa rangi mbili za mwanga, seli ndefu na seli fupi zinaweza kulinganishwa. Ukichunguza kwa nini kinaaminika zaidi utaona ni kwa sababu asili ndiyo iliyokichagua kitambue kitu kimoja. Hata hivyo HyPer huyumba asidi ya seli ikibadilika, kwa hiyo nayo inahitaji ndugu yake aliyelemazwa, asiyehisi peroksaidi, wa kulinganisha naye.

Kwa superoksaidi kuna dihaidroethidiamu. Wengi huiangalia kwa darubini, wakiona wekundu wanaandika "superoksaidi". Kundi la Balaraman Kalyanaraman huko Wisconsin lilionyesha kwamba superoksaidi huizalisha 2-haidroksiethidiamu, huku vioksidishaji vingine vikizalisha ethidiamu, na zote mbili ni nyekundu. Jicho haliwezi kuzitofautisha. Lazima zitenganishwe kwenye mashine ya kromatografia. Ni kazi zaidi, ndiyo.

Mwaka 2022 Michael Murphy wa Cambridge na kundi kubwa la wataalamu walichapisha katika Nature Metabolism mwongozo wa kupima vioksidishaji ndani ya seli. Unamtaka mtafiti aitaje molekuli anayoipima kwa jina badala ya kusema "ROS", na unaonya dhidi ya kuitumia DCFH kana kwamba ni kipimo cha haidrojeni peroksaidi. Nikiusoma naiona E. coli ya Boston kati ya mistari.

Katika sentensi ya matokeo, tofauti yote inaweza kuonekana kwa maneno machache. "Norfloksasini iliongeza radikali za haidroksili" ni sentensi moja. "Baada ya norfloksasini, mng'ao wa HPF kwa kila seli uliongezeka, sehemu yake ilibaki hata pale HPF ilipokosekana" ni nyingine. Ya pili ni ndefu na haivutii jarida, lakini mtu wa Nairobi au Basel anayetaka kuirudia kazi hiyo kesho anajua kutoka kwayo aanzie wapi: achukue bakteria wasio na kiashiria, awape dawa, awaweke mbele ya leza.